Mwimbaji Alipiga Chafya, Wimbo Ukaendelea

Nimeona mengi, ila sikuwahi kuona mtu akipiga chafya huku anaimba vizuri.

Nilimwona kwa macho yangu mawili. Mwimbaji kasimama jukwaani, kipaza sauti mkononi, yuko katikati ya wimbo wa mapenzi. Mara kakunja uso, kageukia pembeni, kapiga chafya ya nguvu mpaka kofia ikamdondoka.

Sauti yake haikukatika.

Iliendelea kumbembeleza mpenzi wake, ikapanda juu, ikatia na madoido, wakati mwenye sauti anahangaika kutafuta leso mfukoni.

Ukumbi mzima ukashangilia.

Wacha nirudi nyuma kidogo, maana chafya ile ilinigharimu heshima yangu mbele ya mtoto wangu, na kama una mtoto ni bora unisikilize.

Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yangu ni kusimama juu ya sanduku la chuma ndani ya shimo la ghorofa, mikono imejaa grisi, ili watu wazima wenye miguu yao miwili wasipande ngazi.

Watu wa lifti nawadharau, sikufichi. Mtu amebonyeza kitufe, kimewaka, anakiona kimewaka, na bado anakibonyeza mara nane zaidi. Akikwama ndani dakika mbili, badala ya kubonyeza kengele anajipiga picha awaonyeshe watu anavyoteseka.

Ndiyo maana simu pia nazidharau. Ila nilikuwa nayo, tena nzuri, na nilijua kuitumia kuliko ninavyopenda kukiri.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, mke wangu ambaye ni mshonaji, na binti yetu wa miaka kumi na tatu. Tunamwita Bosi, kwa sababu tangu anajifunza kuongea alikuwa anatoa amri tu.

Zamu zangu ni za kikatili. Natoka bado amelala, narudi ameshalala. Siku yangu ya kuwa nyumbani ni Jumapili.

Sasa, mimi si kama wale baba wanaosingizia kazi. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kamili jioni, Bosi alikuwa anapata ujumbe wa sauti kutoka kwangu. Haukuwahi kuchelewa hata dakika. Na yeye alikuwa ananijibu papo hapo: "Asante baba. Kazi njema."

Majibu hayo nilikuwa nawaringia wenzangu kazini.

"Nyie wenu wanawajibu lini?" nilikuwa nawauliza. "Wangu hata sekunde haipiti."

Kulikuwa na mmoja tunamwita Mzee wa Nyaya. Ana watoto watano, na hakuna hata mmoja anayemjibu. Yeye anawapigia tu, wanamkatia, anapiga tena. Nilikuwa namwona mshamba wa mwisho.

Tatizo lilikuwa Jumapili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shule vipi?"

"Sawa."

"Na yule rafiki yako, hajambo?"

"Sawa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ungemwambia nyumba inaungua angekujibu sawa, akaendelea na mambo yake.

Mke wangu aliliona kabla yangu. Siku moja alikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, akaanza kuzitoa moja moja. Akizitoa pini hivyo ujue unaambiwa jambo.

"Baba Bosi, huyu mtoto hakuchukii," alisema. "Hana habari na wewe tu. Ningejua anakuchukia ningelala usingizi."

"Lakini tunaongea kila siku kwenye simu."

"Jumamosi uko huru?"

"Naweza kuomba."

"Omba. Mtoe, muwe wawili tu. Ukiiharibu hiyo Jumamosi, mimi sitaendelea kuwa mkalimani wenu humu ndani."

Maneno hayo yaliniingia. Nilijua ni kweli kwamba mtoto ananiponyoka, na nilijua pia kwamba sina ujanja mwingine.

Bahati nzuri, wiki ile nilikuwa nimetengeneza lifti ya ukumbi mmoja wa muziki. Meneja alifurahi akanipa tiketi mbili za tamasha la Jumamosi jioni. Tangazo mlangoni lilikuwa na picha ya mwimbaji amefumba macho, na maandishi makubwa: MFALME WA LAIVU. HAKUNA KANDA.

Nikajiambia, hii ndiyo nafasi yangu. Bosi na muziki ni damu moja. Tangu mdogo anagonga vijiko mezani mpaka mama yake anavificha.

Tukaenda. Njiani alisema sawa mara nne.

Ukumbini tulikaa safu ya katikati. Mbele yetu mikono yote iko juu, kila mkono na simu. Kulikuwa na jamaa mmoja hatua chache kutoka jukwaani, ameinamia kioo cha simu yake anaangalia bendi iliyo mbele ya pua yake. Sikujua nimcheke au nimsikitikie, nikaamua kumdharau.

Bosi naye alikuwa na hedifoni sikio moja, simu iko mapajani. Nikajiuma ulimi. Leo si siku ya kugombana, nikajiambia.

Muziki ukaanza. Ulikuwa safi, safi kupita kiasi. Mimi ni fundi, macho yangu yanafuata nyaya yenyewe. Nikaufuata waya wa mpiga gitaa. Ulishuka kwenye suruali yake, ukapita kando ya kiatu, ukajikunja sakafuni. Mwisho wa safari.

Nikamgusa Bosi bega.

"Hebu angalia waya wa yule wa gitaa."

Aliuangalia kwa makini, kutoka juu mpaka chini.

"Baba, mbona haujachomekwa popote?"

Sentensi nzima, na haikuwa na neno sawa ndani yake. Moyo wangu uliruka, nakwambia ukweli.

"Wanazuga," nikamwambia. "Yote ni kanda."

"Na huyu anayeimba?"

Hata sikuwahi kumjibu. Ndipo mheshimiwa alipopiga chafya.

Bosi alicheka. Alicheka mpaka akanishika mkono na kuficha uso begani kwangu, na mimi nikacheka naye. Watu waligeuka kutuangalia, maana wao walikuwa wanarekodi na hawakuona kitu. Sikukumbuka lini mara ya mwisho tulicheka pamoja. Nikajua nimempata.

Na mtu kama mimi akipata kitu hajui kunyamaza.

"Unajua kinachoniudhi?" nikaanza. "Pengine kuimba anajua, ila ametuona sisi si wa kuhangaikiwa. Amejirekodi huko chumbani siku zake, akaja kutubwagia hapa, na akili yake haipo. Mtu anayekupenda anakuja na koo lake mwenyewe, hata kama lina mafua."

Bosi aliacha kucheka.

"Kweli baba?"

"Kweli kabisa. Mtu wa namna hii ni tapeli tu. Hata makofi usimpigie."

"Sawa," alisema.

Nililisikia hilo sawa, lakini nilikuwa nimenogewa na hotuba yangu.

Simu yake ikawaka mapajani. Nikatupa jicho. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mtu amevaa kofia ngumu ya kazi, anaonyesha meno.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Kabla sijafumba mdomo, simu yangu nayo ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa. "Asante baba. Kazi njema."

Nikamtazama Bosi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia magotini. Hakuwa amegusa kitu.

Akachomoa hedifoni sikioni kwake, akaifuta kwenye gauni, akanivika mimi. Kisha akabonyeza.

"Bosi wangu," sauti yangu iliniambia, "baba yuko kazini hapa, juu kabisa, ghorofa ya kumi na moja. Nimeweka spana chini sasa hivi, kwa sababu nimekukumbuka. Soma kwa bidii. Baba anakupenda sana."

Ilikuwa saa kumi na mbili kamili jioni.

Basi ngoja nikueleze usanii wangu, kwa kuwa na wewe huenda unao. Kila Jumapili nilikuwa najifungia bafuni, narekodi jumbe sita, mmoja wa kila siku ya kazi. Halafu naipangia simu izitume yenyewe. Wiki yangu ya mapenzi nilikuwa naimaliza kwa robo saa. Jumamosi hii nilikumbuka kuomba ruhusa kazini, lakini kuufuta ujumbe wa Jumamosi nikasahau.

"Nani kanijibu?" nilimuuliza. Ndilo swali pekee lililonijia.

"Simu. Niliipangia ijibu yenyewe, kama wewe."

"Tangu lini?"

"Muhula uliopita."

Hebu pata picha. Muhula mzima, kila jioni, simu mbili zinapendana, na mimi nawaringia watu kazini.

Nikamshika mkono tukatoka nje kwenye korido, tukaketi kwenye ngazi. Ndani Mfalme wa Laivu alikuwa anaendelea kulia mapenzi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Ule ujumbe wa kwamba uko juu ya lifti. Kuna maji yanatiririka. Halafu kuna mtu anasema, mama, taulo langu liko wapi." Akajinyooshea kidole kifuani. "Mtu huyo ni mimi, baba. Nilikuwa nje ya mlango wa bafu, nasubiri utoke."

Nikaichomoa ile hedifoni sikioni, nikamrudishia.

"Ulikuwa unaniambia mimi, na mimi nipo hapo hapo," alisema. "Kwa nini hukutoka ukaniambia?"

Ningeweza kumwambia nilikuwa nimechoka. Ukweli ni kwamba bafuni nilikuwa najua la kusema. Mezani, mtoto akiwa mbele yangu anaelekea kuwa mtu mzima, nilikuwa naogopa.

Nikajikaza. Nikavuta pumzi.

"Bosi wangu, baba anakupenda sana, na unatakiwa usome kwa…"

"Hiyo ni ya Jumatano," alisema.

Aliisema bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya kutoa taka. Nikatamani ngazi zipasuke nimezwe.

Nikamgeukia, nikamtazama, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya. Ndipo nikaona.

"Umekata nywele."

"Kabla ya mitihani."

"Zilikuwa nzuri. Kwa nini ulizikata?"

"Msichana anayekaa nyuma yangu darasani alinibandikia chingamu. Makusudi. Haikutoka, mama akazikata."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuandikia siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Nilikuandikia yote. Nilisema sitaki kurudi shule."

Nilikumbuka. Niliuona ni mrefu, nikajiambia nitausoma baadaye, na hata hivyo wa saa kumi na mbili unakwenda, utatosha.

"Nilikujibu nini?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Uliniambia nisome kwa bidii."

Hapo nililia. Sioni haya kusema. Fundi mzima, kwenye ngazi za watu, kamasi zinanitoka. Bosi hakunibembeleza, na sikustahili kubembelezwa. Alikaa tu pembeni yangu anaangalia viatu vyake.

Nikasubiri mpaka sauti yangu ikarudi.

"Huyo msichana bado anakaa nyuma yako?"

"Bado."

"Bado anakusumbua?"

Alinitazama kwanza, kama anapima kama naye huyu ni kanda. Kisha akaanza kusimulia. Alisimulia taratibu, baadaye kwa haraka, mambo ya miezi mizima yaliyopita nyumbani kwangu bila mimi kuyajua. Watu wakaanza kutoka ukumbini wanaturuka miguu, wengine wanamsifia Mfalme kwa sauti yake. Hatukunyanyuka.

Jumatatu nilichelewa kazini kwa makusudi. Nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na nguo zangu za grisi, na binti yangu kakaa kando yangu. Msichana yule alihamishiwa dawati lingine. Bosi aliniambia ningeweza kuvaa shati safi.

Basi, wewe unayenisoma. Yule mwimbaji alitudanganya kwa saa mbili, mbele ya watu ambao hata hawakuwa wanamwangalia. Mimi nilimdanganya mtoto mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni ananisubiri. Kama una dharau ya kugawa leo, usimalizie yote kwake. Na kama una simu inayompenda mtu kwa niaba yako, izime, umwendee, hata kama hujui utaanza na neno gani. Mimi bado sijui.

Siku hizi saa kumi na mbili jioni naacha spana kweli, nampigia. Mzee wa Nyaya ananicheka na ana haki.

Kuna siku Bosi anapokea, tunaongea mpaka msimamizi ananiita. Kuna siku simu inaita mpaka inakata. Siku hizo naumia, lakini narudi kazini na moyo mwepesi kidogo, maana aliyekataa kupokea ni yeye mwenyewe.