Bega la Winchi

Wenzake wa jimu walimpa jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini, na jina likamkaa. Alikuwa msusi, mama wa vijana wawili waliokwisha kuota ndevu. Alianza kunyanyua vyuma akiwa na miaka arobaini na minne, kwa sababu kusimama saluni kutwa kulimuumiza mgongo. Mwaka haukuisha, mgongo ukanyamaza, naye akanogewa.

Siku moja aliongeza uzito kabla mwili haujawa tayari, kisa mwenzake wa pembeni ameongeza. Akasukuma fimbo ya chuma juu ya kichwa. Nusu ya njia, kitu kikachanika ndani ya bega la kulia. Akaishusha polepole, akafuta jasho, akaaga kama kawaida.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na nywele. Wifi yake, ambaye walifungua naye saluni, alisubiri mteja atoke ndipo akasema, "Wifi, ile mistari ya kulia imekwenda kama njia ya mlevi. Una nini?"

"Usingizi tu."

"Haya, nyanyua mkono."

Mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma. Machozi yakamlengalenga.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alimwambia msuli umechanika kidogo, haukukatika. Asinyanyue kitu juu ya bega kwa miezi mitatu. Akamfundisha kuuning'iniza mkono na kuuzungusha taratibu, kuvuta utepe wa mpira, na kupandisha vidole ukutani. Winchi alimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni akajicheka: mtu wa kunyanyua kilo hamsini, leo anatambaa ukutani kama buibui.

Wiki ya tatu maumivu yakapoa, akajiona kapona. Akaenda jimu kimyakimya, akanyanyua chuma chepesi tu. Asubuhi iliyofuata hakuweza hata kuvaa. Mumewe alimfunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja hadi cha mwisho.

"Mke wangu, unashindana na nani?"

Siku hiyohiyo Winchi alirudi kwa mtaalamu, akaungama yote, wakaanza upya.

Safari hii alikuwa mpole. Kila Jumamosi alichora alama ya penseli ukutani chumbani, pale vidole vilipofikia. Kuna wiki alama ilipanda, na kuna wiki mbili mfululizo ilibaki palepale, akanuna kutwa nzima. Saluni, wifi alichukua kazi zote za kuinua mikono. Winchi akanunua kigoda kifupi cha wateja, yeye akakaa kitini nyuma yao, viwiko chini.

"Unaniketisha kama mtoto mtukutu," mteja mmoja alilalamika.

"Basi tulia nikusuke."

Kazi ikaenda. Hata wifi, ambaye miguu ilikuwa ikimvimba, akaagiza kigoda chake, naye asuke ameketi.

Mwezi wa tano tangu aumie, aliruhusiwa kurudi jimu. Akachukua fimbo tupu, akaipandisha mara nane, akapumzika. Mwenzake wa pembeni alikuwa amejaza vyuma pande zote mbili. Winchi alimtazama, akamtakia heri, akarudia mara nane nyingine. Bega lilivuta kidogo mwishoni, akaacha hapo. Alioga, akafunga vifungo vyake mwenyewe, akaenda saluni kupokea mteja wa saa nne.