Mzee Asiyejua Kiswahili

Siku niliyoripoti kazini pale bomani Kwale, Karani Mkuu hakunipa kiti. Aliniacha nimesimama mbele ya meza yake, shati limeniganda mgongoni kwa kupanda kile kilima, akanikagua kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Alikuwa mtu wa Tiwi, mfupi, mwenye kikohozi cha tumbaku. Alikuwa amewatumikia Waingereza, na sasa aliitumikia bendera mpya kwa kikohozi kilekile.

"Kidigo wakijua?"

"Nimezaliwa nacho, bwana."

"Na Kiingereza?"

"Nimekisomea."

"Basi nisikilize, mwanangu. Mkalimani ni mfereji. Maji hupita, mfereji haunywi. Siku utakayokunywa, utarudi kwenu kulima."

Hiyo ndiyo semina niliyopewa. Mengine nilijifunza kwa kutazama. Mkalimani wa baraza husimama nyuma kidogo ya bwana mkubwa, upande wa kushoto, mikono nyuma. Hasemi "huyu mzee anasema hataki". Husema "sitaki", kana kwamba yeye ndiye huyo mzee. Mtu akimwambia DO, yaani mkuu wa tarafa, kwamba ni mwongo, mkalimani humtazama DO usoni na kumwambia, "Wewe ni mwongo." Kisha huomba Mungu DO akumbuke ni maneno ya nani. Mara nyingi walikumbuka. Kuna waliosahau.

Vijana wa siku hizi mnaniuliza kama kazi ilikuwa ngumu. Kazi haikuwa ngumu. Ilikuwa ya kutisha. Uhuru ulikuwa mchanga na serikali ilikuwa mpya, na kila kipya huogopa kuvunjika. Mkutano wa watu wachache sebuleni ulihitaji kibali. Mtu aliweza kuchukuliwa na gari la serikali mchana kweupe, na ukienda kumuulizia unaambiwa hapana mtu wa jina hilo. Sisi tuliofanya kazi ndani ya zile ofisi tuliogopa kuliko waliokuwa nje, maana tuliona milango ikifungwa.

Kutoka Kwale nilipelekwa Msambweni, chini ya DO mmoja wa kutoka bara, kijana mrefu aliyependa kunyoosha soksi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na Kiswahili cha haraka cha huko kwao, na alitaka kila jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Wakati wake ndipo ulipokuja mpango wa misitu ya pwani. Wakubwa wa juu walitaka kuandika sera mpya: msitu upi uachwe, upi ukatwe mbao, upi upishe hoteli za wageni kule Diani. Agizo likaja kwamba kabla sera haijapitishwa, wananchi na vyama vyao watoe maoni. Lilikuwa agizo zuri kabisa kwenye karatasi.

Kulikuwa na chama kimoja tu kilichothubutu. Kilikuwa cha kulinda msitu na mikoko, na wanachama wake walikuwa mwalimu mstaafu, wanawake waliookota chaza, na wazee wa kaya. Kaya ni ule msitu walimoishi mababu zetu zamani, na humo ndani limezikwa fingo, kinga ya mji mzima. Mahali lilipozikwa hupajua wazee wachache, na hawapataji. Msitu huo sitautaja jina hapa. Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Rashidi, na Mzee Rashidi alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mamangu tumbo moja.

Msomaji asiye Mdigo inafaa aelewe uzito wa neno hilo. Zamani kwetu mtu alirithiwa na mpwa wake, si na mwanawe. Mjomba ndiye aliyenitahirisha, ndiye aliyenilipia skuli, na ndiye niliyetarajiwa kukaa mahali pake. Lakini mimi nilitumia jina la ukoo wa baba, kwa hiyo kwenye makaratasi ya serikali hatukuwa chochote. Aliyejua ni Karani Mkuu peke yake, naye alikuwa Kwale na kikohozi chake.

Baraza lilifanyika katika darasa la skuli ya Msambweni, watoto wakiwa wametolewa nje. Mwalimu mstaafu alisoma waraka wa maoni, yaani barua ndefu ya kueleza chama kinataka nini. DO alisikiliza vizuri. Kisha akakunjua ramani juu ya dawati.

"Wazee, mimi nataka kuwasaidia," akasema. "Nionyesheni mahali penyewe mnapoheshimu. Mpimaji wangu atapazungushia mstari mwekundu, hapo hapatakatwa. Lakini lazima nijue ni wapi. Siwezi kuandikia Nairobi kwamba msitu wote ni mtakatifu."

Nikatafsiri. Nilipofika kwenye mstari mwekundu, nikauona mtego. Asipoonyeshwa, msitu utakatwa. Akionyeshwa, ndio umekwisha wenyewe, maana kinga iliyoonyeshwa mgeni si kinga tena. Nikawatazama wazee, nao hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Mjomba akasimama. Alisema kwa Kidigo kwamba neno kama hilo halijibiwi kwa kukurupuka, na kwamba wazee wanaomba kwenda kando, wanong'one, kisha warudi na kauli moja. Ndiyo desturi yetu tangu hapo, hata mahari haijibiwi bila watu kwenda kando. Nikatafsiri. Mabwana wawili waliokuwa wamekaa nyuma ya darasa, ambao hakuna aliyewaalika, wakainua vichwa.

"Hakuna kunong'ona mbele ya serikali," DO akasema. "Mwenye neno alitoe hapa."

Basi wazee wakanyamaza. Kwetu ukimnyima mtu nafasi ya kwenda kando, umemnyima ulimi. DO akangoja, akanyoosha soksi, akaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi.

Nilishangaa jambo moja tu siku ile: kwa nini mjomba alisema Kidigo. Aliwahi kuwa kuli bandarini Mombasa, na alisomesha chuo cha Kurani. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wanaotunga mashairi, na kingemtoa DO jasho. Nikadhani ni maringo ya kizee.

Chama hakikukubali muhtasari ule. Wakawa wanakutana kwa mjomba kuandika waraka wa pili, bila kibali. Ijumaa moja, mjomba akitoka msikitini baada ya sala, gari la serikali likasimama. Aliambiwa aingie, akaingia. Hakuna aliyemwona tena. Kituoni Msambweni wakasema hawana mzee kama huyo, Diani wakasema vivyo hivyo.

Mamangu alikuja kwangu na kanga imemwanguka mabegani hata hana habari. "Mwanangu, wewe wala mkate wa serikali. Ndugu yangu yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Si uwaulize?"

Kuuliza ni kusema namjua, na kusema namjua ni kwenda alikokwenda. Nilikuwa na mke na kitoto kichanga. Niliogopa.

Siku chache baadaye nikaitwa bomani Kwale. Mkalimani wa Kidigo wilaya nzima nilikuwa mmoja. Karani Mkuu alinikuta kwenye ukumbi, akajifanya ananinyoosha kola. "Kuna mzee hasikii Kiswahili," akaninong'oneza. "Mfereji, mwanangu. Mfereji."

Nikafungua mlango. Chumbani alikuwamo DO wangu, na mpimaji, na bwana mmoja wa miwani ambaye hakujitaja. Kwenye benchi alikaa mjomba. Walikuwa wamemvua kofia, na sikuwahi katika maisha yangu kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo.

Desturi ilinitaka niiname, nishike mkono wake, niseme shikamoo mjomba. Nikiisema, nimekwisha. Nisipoisema, nimemkana mjomba wangu mbele ya watu. Nilisimama pale mlangoni na midomo inacheza. Yeye akaniwahi. Mzee mzima, akanisalimu mimi kwanza, kama mtu anayemsalimu mgeni wa heshima:

"Asalaam aleikum, bwana karani."

"Waaleikum salaam," nikaitikia, na nikaenda kusimama mahali pangu, upande wa kushoto.

Bwana wa miwani aliuliza taratibu, bila ukali, na hilo likanitisha zaidi. Nani amekutuma? Hakuna. Wazungu wa Diani wanakupa kitu? Hawanipi kitu, wala hawanijui. Kisha akageuza karatasi.

"Muulize kama ana ndugu yeyote katika kazi ya serikali."

Nikauliza, kwa Kidigo, neno kwa neno. Mjomba alinitazama usoni. Macho yake hayakuwa na hasira wala huzuni, yalikuwa yananishikilia tu nisianguke. Akajibu. Nami, kwa kanuni ya kazi yangu, nikamgeukia bwana wa miwani nikasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Mimi sina ndugu serikalini."

Akaandika.

DO akarudi kwenye ramani yake. Aonyeshe mahali, arudi nyumbani leo. Mjomba akasema yuko tayari kuwapeleka, ila kuna masharti. Watavua viatu. Watavaa kaniki nyeusi. Hawataingia na chuma wala karatasi, na hawatageuka nyuma.

"Bila chuma?" mpimaji akadakia, na hilo ndilo neno lake la kwanza. Vyombo vyote vya kupimia vilikuwa chuma.

"Na mtu akiingia na chuma, inakuwaje?" bwana wa miwani akauliza.

Mjomba akafikiri. "Sijui," nikamtafsiria. "Walioingia nacho hawakurudi kutusimulia."

Nilimwona mpimaji akianza kukunja ramani. DO akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wakanambia nitoke.

Jioni ile kabla jua halijatua nilimpitia mamangu, nikamwambia maneno mawili tu: "Yuko bomani." Hakuuliza nimejuaje. Kesho yake asubuhi, nikiwa nimerudi bomani, dirishani kwa Karani Mkuu, niliona wanawake wakipanda kile kilima, wote wa chama, wamebeba mabakuli yaliyofungwa kwa leso. Mamangu alikuwa mbele. Wakakaa chini nje ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Hawakupiga kelele, hawakuimba. Askari akawauliza wanataka nini.

"Tumemletea mzee wetu chakula," mamangu akasema. "Wali utapoa."

Askari akaingia, akatoka, akaingia tena. Ukimpokelea mtu chakula, umekubali unaye. Ukikirudisha mbele ya watu wote wale waliokuja bomani kwa shughuli zao, umesema kuna mzee unayemlaza na njaa. Karani Mkuu akanisogezea kiti, kile kiti alichoninyima siku ya kwanza. Mama hakuinua macho hata mara moja kulitazama dirisha langu. Chakula kilipokelewa. Walirudi kesho, na kesho yake. Kisha DC akachoka, akaamuru mzee apelekwe kwao.

Nilikwenda kumwona baada ya siku nyingi, nikizunguka kwa njia ya mashambani. Nilipiga magoti nikampa shikamoo zote nilizokuwa nimezibana, na nililia. Akaniacha nilie.

"Mjomba, kwa nini ulisema hujui Kiswahili?"

"Ningewajibu kwa Kiswahili, wangekuitia nini wewe?" akasema. "Na usingeitwa, nani angejua niko wapi? Mtu akiingia kwenye nyumba kama ile, na awe na shahidi. Niliwaza hivyo tangu siku ya baraza, nilipowaona wale wawili nyuma."

Msitu ulikatwa upande wa bahari, hoteli ikapata nafasi yake. Ripoti ilisema vyama vya wananchi vilishauriwa. Sehemu ya ndani haikupimwa, kwenye ramani ikaandikwa kichaka tu, na kichaka hakina anayekitamani. Nilihamishiwa Kinango kwenye mabaraza ya mifugo na maji, nikatumikia DO baada ya DO, na nikastaafu kwa mkono wa heri. Mjomba alikuwa amekwisha kufa. Kabla hajafa alinipeleka ndani siku moja, pekupeku, na kaniki, akanionyesha. Tangu siku hiyo mimi ni miongoni mwa wanaojua.

Nilidhani nikistaafu hofu itastaafu nami. Majuzi yalikuja magari mawili hapa kwangu, na vijana wazuri, wapole, wenye shahada. Wanakusanya maoni ya jamii kabla mpango mpya haujapitishwa. Walinipa shikamoo, wakanikalisha, wakafungua kompyuta yenye ramani inayong'aa. "Babu, tunataka kupalinda. Tuonyeshe tu ni wapi." Labda walisema kweli. Lakini nyuma yao, ndani ya gari la pili, alikuwamo mtu wa miwani meusi ambaye hakushuka.

Nikawajibu kwa Kidigo. Mimi, niliyelishwa na Kiswahili na Kiingereza cha serikali maisha yangu yote, nikatikisa kichwa kuwa sielewi. Wakatazamana. Mmoja akapiga simu, na baada ya muda kidogo mkalimani wao akaja kwa pikipiki kutoka Kona ya Musa, binti mwenye kitambulisho shingoni. Akavua kofia ya pikipiki. Alikuwa Mwanamisi, mtoto wa dada yangu.

Nilimwona anaanza kuinama, mkono umeshanyooka, neno limefika mdomoni. Nikamwahi.

"Asalaam aleikum, bibi karani," nikamwambia.