Debe la Bwana Afya

Mwaka jana nilipanda Kabazi, kule upande wa Subukia, kwa maziko ya mtu wa kanisa letu. Yalipokwisha niliwaambia wenzangu wanisubiri barabarani, kwamba kuna mahali nataka kupaona. Nikatembea polepole, maana magoti haya si ya juzi, nikitafuta kambi ya wafanyakazi niliyokulia. Sikuona hata jiwe lake. Pale palipokuwa na nyumba zetu za udongo, zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi, sasa ni mahindi na viazi vya watu. Mama mmoja kijana aliyekuwa akipalilia aliniona nikihangaika, akaniita kwake, akanipa kiti na gilasi ya maji.

"Kunywa tu, mathe," akaniambia. "Hiyo maji imechemshwa."

Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema karibu. Mimi nikashindwa kunywa. Nilikaa na gilasi mkononi, machozi yakinitoka, na yule mama akadhani nimeshikwa na ugonjwa. Yeye sikuweza kumweleza. Wewe nitakueleza.

Miaka ya hamsini shamba lote lile lilikuwa la mzungu mmoja, mwenye pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, na ng'ombe wa maziwa. Baba alitoka kwetu magharibi kuja kukamua, na sisi tukamfuata: mama, nyanya mzaa baba, na mimi. Mdogo wangu wa kike alizaliwa palepale kambini, akawa wa kwanza katika ukoo wetu kuzaliwa kwenye baridi ya namna ile. Asubuhi ukungu ulikuwa ukishuka hadi huoni nyumba ya jirani, unasikia tu akina mama wakikohoa na vikapu vyao wakienda kuchuma maua. Tanuri la kukaushia pareto likiwashwa, harufu yake iliingia hadi kwenye uji. Watu huniambia ile ilikuwa harufu mbaya. Mimi ningeipata leo ningeivuta mpaka kifua kiniume.

Kazi yangu ilikuwa maji. Kijito kilipita chini ya kambi, na juu yetu kidogo ndipo ng'ombe wa mzungu waliponyweshwa. Tulijua hivyo, tena tuliwaona kwa macho yetu wakisimama ndani ya maji hadi magotini, wala hatukujali. Maji yanayotembea ni safi, ndivyo nyanya alivyosema, na nyanya alikuwa hakosei. Niliyabeba kwa debe kichwani, nikayamimina katika mtungi wake. Mtungi huo aliusafirisha kutoka kwetu kwa gari la moshi, ameupakata kama mtoto. Kila wiki aliukausha na kuufukiza kwa moshi wa vijiti alivyokuja navyo, kwa hiyo maji yake yalikuwa na ladha ya nyumbani. Mgeni akifika, kabla ya salamu kuisha, alipewa kibuyu cha maji hayo. Maji ya moto, kwa nyanya, yalikuwa ya mgonjwa na ya mzazi. Kumpa mgeni maji yaliyopitia sufuriani ilikuwa ni kumwambia aende zake.

Sasa fikiria mtu huyo anakutana na Bwana Afya.

Huyu alikuwa kijana wa Kiafrika, kaptura ya kaki imenyooshwa kwa pasi, soksi hadi magotini, na baiskeli iliyong'aa. Alikuja kila baada ya wiki mbili. Alisimama juu ya sanduku na kutuhubiria kwa Kiswahili cha shuleni juu ya vijidudu visivyoonekana, na nyanya akawa anauliza kwa sauti ya chini, kama havionekani, yeye kaviona wapi. Akina mama walicheka ndani ya leso. Bwana Afya alipoona hakuna anayechemsha, akaenda kwa nyapara, na nyapara akatangaza kwamba nyumba itakayokutwa bila maji ya kuchemsha, mama wake atachuma pareto Jumapili.

Hapo ndipo kambi yetu ilipopata akili. Mtoto mmoja aliwekwa kwenye kilima kidogo palipoonekana njia, na debe bovu na kijiti. Baiskeli ikitokea, anagonga mara tatu kama anayeita kuku. Kila nyumba inabandika sufuria. Bwana Afya akifika, mvuke kila mlango.

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na macho makali, na nilijivuna. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitatu, hakubanduka kwenye gauni langu. Alikaa nami kilimani na kijiko chake cha bati, na nikimaliza kugonga, naye anagonga mara tatu zake. Tulikuwa tukishuka mbio tukicheka, yeye nyuma yangu, akianguka na kuinuka.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, jua lilikuwa kali. Tuligonga, sufuria zikabandikwa. Bwana Afya aliinama mlangoni petu, akaona maji yakitokota, akamsifu mama mbele ya kambi nzima. Akampapasa mdogo wangu kichwani, akasema mtoto kama huyu ataishi. Kisha akaandika kitabuni na kwenda zake, na baiskeli ilipopotea tu, nyanya akaniambia niyaondoe yale maji, yananuka sufuria. Nikayabeba nje nikayamwaga kwenye sukuma wiki. Niliporudi ndani mdogo wangu alikuwa na kiu. Nilichota mtungini, nikampa kwa mkono wangu, akanywa hadi akahema.

Siku ya pili yake akaanza kuhara na kutapika. Nyanya alimchemshia mizizi, mama akambeba mgongoni huku na huku. Macho yakaingia ndani, mdomo ukakauka, na alikuwa akiniita kwa sauti ambayo haikuwa yake. Asubuhi ya tatu baba alimfunga kwenye blanketi, na dereva wa trekta akawachukua kwenye tela kwenda zahanati. Mimi nilikwenda kilimani kwetu kungojea. Nilijua kabla ya kuwaona, maana trekta lilirudi mapema mno, tena polepole, kama limebeba mayai. Baba alikuwa bado amempakata vilevile.

Alizikwa mwisho wa kambi. Sikulia mbele ya watu. Nilihisi kwamba mtu aliyefanya nilichofanya hana haki ya kulia.

Jioni ile mke wa dereva wa trekta alikuja kwetu. Alikuwa mwanamke mkimya, aliyewahi kuishi Bondeni, mjini Nakuru, akifanya kazi ya yaya, na wenzake walimsema kwamba anaringa. Yeye peke yake alikuwa akichemsha maji debe lisipogongwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Aliweka mtungi mdogo mbele ya nyanya. Nyanya akanywa, akanywa tena. Ilikuwa ladha ileile ya moshi.

"Hiyo maji imechemshwa, mama," akasema yule jirani. "Nabandika baada ya ugali, makaa ikiwa bado moto. Inalala imefunikwa. Asubuhi natia kwa mtungi wenye nimefukiza." Halafu akaongeza, akitazama chini, "Mimi nilizika wawili Bondeni kabla nijue."

Nyanya akaushika mkono wake, wakakaa hivyo hadi giza likaingia.

Bwana Afya aliporudi hakukuwa na mtu kilimani. Alikuta meko baridi mlango hadi mlango, akafika kwetu uso umekunjamana.

"Lakini hapa mlikuwa mnachemsha," akasema.

Nyanya hakuinuka kwenye kigoda chake. "Tulikuwa tunachemshia wewe," akamwambia. "Mtoto hatukuchemshia."

Kijana yule alimtafuta kwa macho yule mtoto aliyempapasa kichwa, kisha akamtazama mama, akaelewa. Alivua kofia, akakaa chini kwenye vumbi na kaptura yake ya pasi. Akamwambia nyanya pole, kisha akamuuliza kwa nini hawakuyataka maji ya kuchemsha. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aanze kuja kwetu. Nyanya akamweleza habari ya ladha, na ya wageni, na ya kuni zinavyotafutwa mbali, kisha akamtuma mama amwite mke wa dereva wa trekta.

Tangu hapo hakupanda tena juu ya sanduku. Alikwenda kambi hadi kambi pamoja na yule jirani, yeye akikaa pembeni na baiskeli yake, jirani akizungumza na akina mama wenzake, na mtungi ukizunguka watu waonje. Jumapili za nyapara zilikwisha zenyewe. Nyanya alichemsha kila jioni mpaka alipokufa, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Mimi hakuna aliyenilaumu hata siku moja. Ningependa mtu angenilaumu, labda ningepata kujibu.

Kambi imekwenda, tanuri limekwenda, na wote niliowataja wamekwenda. Kaburi la mdogo wangu sikulipata. Nilipomuuliza yule mama kijana kulikuwa na nini pale mwisho wa shamba, aliniambia sukuma wiki tu, tangu aolewe.

Aliniona nimeshika gilasi muda mrefu, akasema kama siyataki niyamwage tu pale nje, yapo mengine. Nikamwambia hapana. Nikayanywa yote, taratibu, hadi gilasi ikakauka.