Hadithi za Mchana

Dawa ya saratani hudondoka polepole, na ukiukodolea macho mrija utadhani imesimama. Kwa hiyo muuguzi wetu mpya, binti kutoka Rugerero, alituzoesha jambo moja: tukishatundikiwa dripu, mtu asimulie hadithi. Alisema anayesikiliza hadithi husahau kichefuchefu. Namshukuru Mungu kwa mengi, na hilo ni mojawapo.

Asubuhi moja aliingia mama kutoka Bugeshi, mkulima wa viazi, kilemba kimemshuka hadi kwenye nyusi. Hakukaa.

"Mi nimekuja kuaga tu," alisema. "Dawa yenu imemaliza nywele zangu zote. Jumapili kanisani watoto walinitazama mimi kuliko padri. Bon, basi, narudi kwa viazi vyangu."

Sote tulijua kwamba akiacha dawa katikati, uvimbe wa titi lake hautamngoja avune. Lakini muuguzi hakubishana naye. Alivuta kiti, akaanza kutusimulia: "Kulikuwa na fisi aliyetaka kuoa..."

"We binti!" Mama alishtuka. "Hadithi mchana? Kwenu hawakukufundisha? Utageuka mujusi!"

"Mwache ageuke, mama," nikasema kutoka kitandani kwangu. "Kaa kidogo tuone mkia utatokea wapi."

Akanigeukia kwa hasira. "Na wewe muzee, na kofia yako ya musikitini, unachekea miiko ya wakubwa?"

Nimesoma chuo cha Kurani tangu utoto, kwa hiyo najua kutoa hukumu kwa uso mkavu. "Sicheki, mama. Mwiko huo una dawa yake. Anayetaka kusimulia mchana hutoa kwanza unywele wake mmoja. Akishautoa, hapati dhara."

Hilo sikulisoma kitabuni wala sikulisikia kwa bibi yangu. Lilinijia palepale, nami nikalipokea kama riziki.

Muuguzi aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mama akatafakari.

"Mumoja tu?"

"Mmoja kwa hadithi moja." Nikavua kofia, na kichwa changu kikang'aa kama yai la bata. "Mimi nina ruhusa ya kusimulia hadi Ramadhani ijayo."

Alikitazama kichwa changu kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inapigana na kicheko.

"Hiyo ni nini sasa?" akasema. "Nyuma ya masikio umebakiza! Muzee muzima, unamudanganya Mungu?"

Kisha akakivuta kilemba chake na kukitupa mapajani mwangu. Kichwani mwake haukuwa umebaki hata unywele mmoja.

"Tazameni basi! Mi nimetoa zote. Nani hapa iko na haki ya kusimulia kunishinda?" Akaketi kwa kishindo. "Na wewe binti, huyo fisi hukumuanza vizuri. Fisi hakutaka kuoa. Mama yake ndiye alimusumbua."

Muuguzi alikuwa ameshika sindano. "Mama, mkono."

Akaunyoosha bila kuutazama.

"Choma. Lakini usinikatize."