Mjomba wa Bokoboko

Jamani, ulafi umeniumbua! Tangu tupate uhuru nikaja Nairobi kuwa karani, sikuwahi kuonja tena bokoboko, ile ngano iliyopondwa na nyama aliyokuwa akinipikia marehemu mama kule Lamu. Jumapili, nikipita Woodley, harufu yake ikanivuta hadi kwenye nyumba yenye harusi. Nikavua viatu, nikajipenyeza mkekani.

"Karibu. Wewe ni wa upande gani?" akaniuliza kijana niliyeketi kando yake.

"Wa bwana harusi. Mimi ni mjomba wake," nikajibu, macho yangu jikoni.

Akatabasamu, akanisogezea mto.

Mara shehe akaita, "Shahidi mmoja hajafika. Yuko jamaa wa bwana harusi?"

"Yuko, shehe," akasema yule kijana, akiniinua kwa mkono. "Huyu hapa, mjomba wangu."

Kisha akaninong'oneza, "Bokoboko utakula. Ila ujue, naitwa Salim."