Nyongeza Yenye Mchanga

Siku ile bado naiona, mwanangu Neema, maana aibu yake haijaniisha mpaka leo. Nilikuwa binti tu wa Kilibula, hapa Uvira, ndiyo kwanza nimepewa pa kukaa sokoni, kando ya Mama Nabintu, niuze ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu. Nilijiona mjanja kweli! Nilikuwa na beseni mbili: moja ya ndagala safi za kuuza, na nyingine chini ya meza, ya vichwa vilivyokatika na mabaki niliyoyafagia ufukweni. Hayo ndiyo niliyowaongezea watu, kwani kwetu, si unajua, muntu hanunui akaondoka bila nyongeza. Nikajiambia, kitu cha bure nani atakikagua?

Basi akaja mama mmoja aliyeshuka kwa miguu kutoka Bijombo, kule milimani. Akanunua, nikamwongezea konzi mbili. Juma lililofuata akarudi, hata salamu hakunipa. Akafungua kitambaa mbele ya watu wote, akanimwagia mezani nyongeza iliyobaki. Watoto wake walikuwa wametafuna mchanga.

Lo! Soko zima likaniangalia. Siku hiyo na kesho yake sikuuza hata konzi moja, na wavuvi walioniletea ndagala wakasema watampa mwingine. Nililia. Mama Nabintu, ambaye kubembeleza hakukujua, akanigeukia.

“Weye binti, machozi ya nini? Ulifikiri nyongeza iko na chungu chake? Inaingia mu chungu kimoja na zile za kununua! Umeharibu zote.”

“Sasa nifanye nini, mama?”

“Mwaga hiyo beseni. Akirudi, chota mu ile nzuri, na umwache aone mukono wako ukichota.”

Nikaimwaga. Yule mama alikawia, na aliporudi alikwenda kununua kwa Mama Nabintu. Nikamwita, nikamwomba msamaha, nikamchotea mbele ya macho yake. Akacheka, akasema mchanga wa Uvira sasa anaijua ladha yake. Tumezeeka pamoja, na maharagwe ninayokula yanatoka shambani kwake.

Nakwambia haya kwa sababu ya simu yako ya jana. Ulisema huo mji wenu mdogo wa Amerika umepoa: kiwanda cha viti kilifungwa, maduka yakafuata, vijana wakahama, na wewe ukathubutu kufungua duka la mandazi hapo katikati. Nilifurahi mpaka nikasimama! Halafu ukasema wazee wa hapo huingia mara moja tu, hawarudi, na hivi utafunga kabla ya baridi. Huelewi kwa nini, wakati kila mtu unamwongezea andazi moja. Nikakuuliza, la lini? Ukanijibu:

“La jana, mama.”

Ee Neema! Kweli nilikuzaa mimi.

Sikia, mwanangu. Ya jana kuleni nyumbani. Mzee aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote ameshafungiwa milango ya kutosha. Mpe la moto, kutoka karai lile lile, akiona, na umuulize jina lake. Atamleta jirani, na jirani atamleta wake. Mji wetu huu nimeuona ukiamka hivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Mungu aibariki mikono yako, akupe wateja wanaokuita kwa jina, na baridi ikukute mlango ukiwa wazi. Kesho asubuhi washa moto mapema.