Kugusa Sikio la Pili

Katika kijiji cha Kinampanda cha utoto wangu, mtoto hakudaiwa cheti cha kuzaliwa alipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza. Alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kugusa sikio la kushoto. Aliyelifikia alihesabiwa kuwa ametimiza miaka saba. Asiyelifikia alirudishwa nyumbani. Mkono wangu wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko. Nilizaliwa nao hivyo.

Kijiji kilikuwa na maelezo mengine. Wapo waliodai fisi aliula nikiwa nimelazwa kando ya shamba. Wapo waliodai mama aliruka kamba ya ng'ombe akiwa mjamzito. Nimezeeka sasa, na sijakutana na hata mmoja aliyeshuhudia. Wakati ule, hata hivyo, sikuwa na ujasiri wa kudai ushahidi.

Kilichoninyima usingizi hakikuwa fisi. Baba alikuwa ametamka kwamba nitapelekwa shuleni mara moja tu; nikirudishwa, nitafuata ng'ombe kama kaka zangu, na habari ya shule isitajwe tena. Wiki nzima nilijizoeza kwa mkono wa kushoto, nikivuta vidole hadi bega likauma. Siku nyingine viligusa ukingo wa juu wa sikio la kulia, siku nyingine havikufika. Sikujua siku ya kuandikishwa ingeangukia upande upi.

Asubuhi hiyo mama alinivika sweta la kaka yangu, ingawa jua lilikuwa kali tayari, ili mikono yake mirefu inisitiri. Tulipanga foleni mbele ya meza ya mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mkono wa kulia, juu ya kichwa."

Sikutikisika.

"Hasikii huyu?"

"Anasikia, mwalimu," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Mkono wenyewe ndio haupo." Akaukunja mkono wa sweta ili mwalimu aone.

Nyuma yetu mtoto mmoja akapaza sauti: "Kigutu! Fisi kala mkono, kabakiza sweta!" Foleni nzima ikacheka, wazazi wakiwemo.

Mwalimu hakucheka. Alinitazama mimi. "Ni kweli? Fisi?"

"Hapana, mwalimu. Nilizaliwa hivi."

"Umejuaje?"

"Mama kaniambia."

"Na mama alijuaje?"

Nilidhani ni mtego. "Alikuwepo," nikasema.

Alikohoa, akainamia daftari lake. "Haya. Lete wa kushoto."

Niliupitisha. Nilihisi nywele, kisha hewa tupu. Nikainamisha kichwa kidogo, kwa wizi.

"Simamisha shingo!" Alinyanyuka, akanishika kidevu na kukiinua.

Ncha ya kidole cha kati iligusa kitu. Mpaka leo siwezi kuapa kama lilikuwa sikio au ngozi iliyo juu yake. Mwalimu alitazama, kisha akaiweka kalamu ya wino pembeni, akachukua penseli na kuandika jina langu.

"Nitakuangalia," alisema. "Anayefuata!"

Mama alishukuru mara tatu. Hakujua kusoma, wala mimi wakati huo. Lakini nilikuwa nimeona kwamba majina yote yaliyotangulia yalikuwa ya wino.

Muhula mzima, majina yalipoitwa asubuhi, sikupumua mpaka langu lipite. Mwalimu alipogusa kifutio, hata kwa kusahihisha hesabu ya mtu mwingine, nilifumba macho. Baada ya likizo ya kwanza, mwenzangu wa dawati aliniletea habari kwamba jina langu limeandikwa upya, kwa wino.

"Umeliona mwenyewe?"

"Dada yangu kasema."

"Yeye kaliona?"

"We nawe! Kaambiwa na wa darasa la nne."

Kesho yake, mwalimu alipofungua daftari na zamu yangu ikakaribia, niliacha tena kupumua.